Kutoka Goma hadi msitu wa Semuliki: mwongozo kamili kwa anayetaka kuona wanyama, si miti tu

"Tumerudi, mkubwa. Tumeona miti." Ujumbe wa namna hii hunifikia kila likizo kubwa inapokwisha. Ukiuliza maswali mawili matatu unakuta kosa ni lile lile: watu wa Goma wanaupangia msitu wa bondeni kama wanavyopangia nyika za Rwindi, kule Virunga, au kupanda kwa ngagi, yaani gorila. Wanafika saa tano, jua limeshakuwa kali, wanatembea kidogo, wanapiga picha za chemchemi, wanarudi kulala Fort Portal, mji wa Uganda ulio karibu. Pesa imekwenda na hakuna kima hata mmoja waliyemwona vizuri.

Mwongozo huu ni wa safari moja tu: kutoka Goma kwenda Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, wilaya ya Bundibugyo, magharibi mwa Uganda. Ule ni msitu wa Ituri wenyewe, umevuka mto Semliki na kuingia Uganda kidogo: kilomita za mraba 220, kwenye mwinuko wa mita 670 hadi 760. Kwetu ipo misitu mikubwa zaidi ya aina hiyo, kama Maiko, Salonga, Epulu na ile sehemu ya chini ya Kahuzi-Biega. Lakini kwa mtu wa likizo fupi, Semuliki ndiyo inayofikika kwa lami, yenye njia zilizofyekwa na askari wa kukuongoza.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kusanya hivi vyote mezani kabla hujamlipa mtu yeyote.

Karatasi
- Pasipoti halali, yenye zaidi ya miezi sita mbele. Jeto, kile kikaratasi cha kuvukia Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi, haitakufikisha Fort Portal.
- Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano.
- Nakala mbili za pasipoti na picha zake kwenye simu.

Afya
- Dawa ya kuzuia malaria uliyoandikiwa na daktari.
- Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, chandarua, chumvi za kurudisha maji mwilini, bandeji, kibano cha kutolea kupe na miiba.

Mavazi
- Bote za mpira zinazofika chini ya goti, na soksi ndefu nene jozi tatu.
- Suruali na mashati ya mikono mirefu ya rangi ya majani makavu au kijani kilichofifia. Nyeupe na nyekundu ziache nyumbani.
- Koti jepesi la mvua lisilopiga kelele. Yale ya plastiki ngumu yanalia kila unapoinua mkono.

Vifaa
- Jumeli (darubini za macho mawili) za 8x42, yaani zinazovuta mara 8. Wauzaji watakusifia za 10x42 kwa kuwa zinavuta zaidi, lakini chini ya majani mwanga ni hafifu, na ile 8 inakupa picha angavu zaidi, pana zaidi, isiyotetemeka.
- Tochi ya kichwani, betri za akiba, chaja ya kubeba.
- Mifuko ya plastiki yenye kufungika kabisa, ya simu, pasipoti na kamera.
- Chupa za maji za kutosha lita 2 hadi 3 kwa mtu kwa siku.

Pesa
- Dola safi za toleo jipya na noti kubwa. Goma tunakataa noti iliyochanika hata kidogo. Uganda wanatazama mwaka. Noti za kabla ya 2009 wengi hawazigusi, na noti ndogo za dola 1, 5 na 10 wanazibadilisha kwa bei ya chini. Ukishavuka, badilisha za kutosha kuwa shilingi, maana vijijini Bundibugyo dola haikununulii hata ndizi.

Kamera kubwa sikuiweka. Kama unayo na unaijua, ichukue. Kama unataka kuinunua kwa ajili ya safari hii, nunua jumeli nzuri kwanza. Msituni mnyama yuko juu, gizani, nusu kafichwa na majani. Simu itakuletea doa jeusi, jumeli zitakuonyesha macho yake.

## Hatua ya 1: Amua unakwenda kuona nini

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, kabla mtu hajafunga begi.

Nyikani unakaa ndani ya gari, mnyama yuko mita 100, kila mtu anamwona. Kwa ngagi, wafuatiliaji wametangulia alfajiri na wanajua familia imelala wapi, wewe unapelekwa. Semuliki haina hayo. Hakuna gari msituni. Sokwe wapo wachache, ila hawajazoezwa kwa watu, na wakikusikia wanaondoka. Tembo na nyati wapo, na utaona kinyesi chao na nyayo zao mara nyingi kuliko wao wenyewe.

Unachoweza kutegemea kwa haki ni hiki: nyani na kima wa aina kadhaa, na ndege. Kwa ndege Semuliki haina mpinzani Afrika Mashariki. Zaidi ya aina 400 zimeandikwa pale, na kadiri ya 35 kati ya hizo ni ndege wa misitu ya Kongo ambao Kenya, Tanzania na kwingineko Uganda huwapati. Mbega, kima mkia-mwekundu na mangabi ni wa kawaida. Kima wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso, ni wa kutafutwa kandokando ya maji.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi vitu vitatu unavyotaka kuviona, kimoja rahisi, kimoja cha wastani, kimoja cha bahati. Mfano: hondohondo, kima wa De Brazza, na yule mnyama mdogo wa madoa afananaye na paa, anayezama majini akitishwa. Karatasi hiyo utampa mwongozaji wako. Mwongozaji aliyeambiwa "tuonyeshe wanyama" atakuzungusha njia fupi. Aliyepewa majina atafikiri.

Kama moyo wako uko kwa sokwe hasa, usiilazimishe Semuliki. Ongeza siku moja Hifadhi ya Kibale, kituo cha Kanyanchu, mwendo mfupi kutoka Fort Portal. Kule sokwe wamezoezwa, na hifadhi ina aina 13 za jamii ya nyani. Msitu wake uko juu zaidi na ni wa baridi kidogo. Si msitu wa bondeni, ila unafuta machozi.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa mvua

Mvua za Semuliki zina vilele viwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba mwanzoni. Lenga Januari na Februari, au Juni na Julai. Hata hapo mvua itakunyea. Ni msitu wa mvua, huo. Tofauti ni kwamba miezi ya ukavu mvua inapiga saa moja au mbili kisha inaacha, na njia za bondeni zinapitika.

Sababu nyingine ni maji. Sehemu kubwa ya hifadhi ni tambarare, inajaa. Mwezi wa Novemba njia ya kwenda mtoni inageuka kinamasi cha kufika magotini, na utatumia nguvu zote kutazama miguu yako badala ya matawi.

Hesabu asubuhi, usihesabu siku. Asubuhi 3 kamili ndani ya msitu ndicho kiwango changu cha chini. Mtu anayeniambia "nina siku mbili" huwa namwuliza zina asubuhi ngapi, na mara nyingi jibu ni moja. Huyo abaki Goma apande Mont Goma, atafurahi zaidi.

## Hatua ya 3: Pima usalama kabla ya kulipa chochote

Semuliki inapakana na nchi yetu, na ng'ambo ya mto ni Ituri na Beni. Desemba 2022 wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lililotoka Uganda, walivuka kuingia wilaya ya Ntoroko, jirani kabisa na hapo. Oktoba 2023 waliwaua watalii wawili na mwongozaji wao ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambayo utaipita njiani. Sisemi hivi kukuogopesha. Watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa kuogopa. Nasema ili usifanye uchunguzi wako kwa kusoma kichwa cha habari kimoja, wala kwa kusikiliza mtu anayetaka kukuuzia gari.

Uliza watu wa aina tatu, ndani ya wiki ile ile ya kuondoka:

1. Ofisi ya hifadhi yenyewe, kwa simu. Swali ni moja: njia zipi ziko wazi wiki hii, na zipi zimefungwa?
2. Dereva aliyepita Fort Portal hadi Bundibugyo siku hizi za karibuni.
3. Mtu anayekaa huko: mfanyabiashara, padri, mwalimu, ndugu wa rafiki. Goma haikosi mtu mwenye jamaa Bundibugyo.

Majibu matatu yakilingana, nenda. Mmoja akisita, ahirisha wiki moja na uulize tena. Mmoja akisema njia ya mtoni imefungwa lakini Sempaya, lango la hifadhi, iko wazi, hiyo si sababu ya kuvunja safari. Ni sababu ya kubadilisha mpango.

Fanya hivyo hivyo kwa upande wa kutokea kwetu. Hali ya barabara na saa za mipaka hubadilika bila tangazo, na asubuhi ya kuondoka umeshachelewa kuuliza.

## Hatua ya 4: Chanjo na malaria, mapema kuliko unavyodhani

Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano ya kwanza. Ukichanjwa Jumatatu na kuondoka Ijumaa, afisa wa mpakani ana haki ya kukurudisha, na watu wamerudishwa. Upande wa nafuu: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama ndani kimeandikwa miaka 10. Kama umeambiwa "kimeisha, lipa", mwonyeshe kwa upole tarehe ya sindano na umweleze.

Sasa malaria. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Wengi wetu hatuumwi mara kwa mara kama ndugu zetu wa Kindu au Kisangani. Semuliki ni joto, unyevu na mbu mwaka mzima. Ukishuka huko na mwili wa Goma, malaria itakukuta laini.

Mwone daktari wiki 3 kabla. Kuna dawa za kuanza siku 1 au 2 kabla ya kuingia na kuendelea wiki 4 baada ya kutoka, kama doksisiklini, ambayo haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo. Nyingine, yenye atovakwoni na proguanili, inaendelea siku 7 tu baada ya kutoka, ila ni ghali. Usiazime vidonge vya jirani. Na dawa haiondoi chandarua.

Neno moja kuhusu Ebola, kwa kuwa tumeijua hapa nyumbani. Aina moja ya kirusi chake iligunduliwa Bundibugyo kwenyewe, mwaka 2007, na ikapewa jina la mahali hapo. Kanuni ni fupi: usiguse mnyama aliyekufa, usiingie mapangoni wala mashimo ya popo, usile nyama ya porini hata ukikaribishwa kwa heshima. Kataa kwa kusema daktari amekukataza, hakuna atakayechukia.

## Hatua ya 5: Weka nafasi, na utaje jina sahihi

Kuna sehemu mbili zenye majina yanayochanganya, na kila mwaka kuna watu wanalipia ile isiyo yao.

Semuliki, hifadhi ya taifa tangu 1993, ndiyo msitu. Vituo vyake ni Sempaya na Ntandi, kwenye barabara ya Bundibugyo.

Toro-Semliki ni hifadhi ya wanyama pori upande wa Ntoroko, karibu na Ziwa Albert. Ni nyasi, michongoma na mitende, na swala wengi. Pazuri, lakini si msitu unaoutafuta.

Unapoandika kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda au kwa wakala, taja hivi: "Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, lango la Sempaya." Mtu akikujibu kwa kukutajia matembezi ya gari, umeshapotea.

Kisha uliza mambo manne, kwa maandishi, ili uwe na kitu cha kuonyesha langoni:

- Niko kundi gani la bei? Wageni wa mbali, wageni wakaazi, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawalipi sawa. Kongo imo katika Jumuiya tangu 2022, kwa hiyo sema wewe ni Mkongomani na uombe jibu lililoandikwa. Kwa kibali cha sokwe Kibale peke yake, tofauti kati ya makundi inapita dola 100 kwa mtu.
- Kiingilio kinahesabiwa vipi? Kawaida ni kwa saa 24, kwa hiyo ukiingia saa nane mchana siku ya kwanza kinakufikisha saa nane mchana kesho yake, na asubuhi nzima ya kesho imo.
- Je, mwongozaji anaweza kuanza alfajiri? Hili ndilo swali la dhahabu. Usipoliuliza, mtaanza saa ofisi inapofunguliwa, na ndege watakuwa wamekwisha kuimba.
- Kuna nafasi ya kulala karibu na lango? Kambi ya Bumaga ina vibanda na sehemu ya mahema, mwendo mfupi kutoka Sempaya. Ilipe hiyo, hata kama hoteli ya Fort Portal ina maji ya moto. Kati ya Fort Portal na Sempaya ni zaidi ya kilomita 50 za kona na mteremko. Ukilala huko juu unatumia asubuhi yako barabarani.

Ukishakuwa na majibu haya manne kwenye simu, pamoja na jina la anayekupokea, hatua hii imekwisha. Risiti peke yake haitoshi.

## Hatua ya 6: Barabara

Njia ninayoipendelea ni ya Gisenyi, Musanze, Cyanika, kisha Kisoro. Ni lami mwanzo hadi mwisho, na mipaka miwili unaimaliza kabla ya saa sita mchana ukianza mapema. Njia ya Rutshuru hadi Bunagana ni fupi kwenye ramani, lakini iamulie kwa habari za wiki hiyo.

Kutoka Kisoro unapanda milima ya Kanaba hadi Kabale, kona juu ya kona. Mwenye kutapika garini akae mbele. Lala Kabale au Mbarara. Siku ya pili pitia Ishaka na Kasese hadi Fort Portal. Barabara ya Ishaka hadi Kasese inakatiza Queen Elizabeth na kuvuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru. Ipite mchana. Usiku kuna tembo barabarani, na zile sababu za hatua ya 3.

Siku ya tatu unashuka. Baada ya Karugutu barabara inagawanyika: kulia ni Ntoroko, kushoto ni Bundibugyo. Shika kushoto. Barabara inaizunguka pembe ya kaskazini ya Rwenzori, joto linapanda kila kona, na ghafla bonde lote liko chini yako, msitu bapa wa kijani mpaka upeo, na ng'ambo ni Kongo.

Mambo mawili yanayowaangusha watu wa kwetu kila mara:

Saa. Uganda iko mbele ya Goma kwa saa nzima. Saa mbili asubuhi ya Goma ni saa tatu ya Uganda. Simu isiyo na laini ya huko inaweza kubaki na saa ya nyumbani. Badilisha kwa mkono mara tu baada ya Cyanika, na mwambie kila mtu garini afanye hivyo.

Laini ya simu. Ugenini utaisajili kwa pasipoti, katika duka la kampuni lenyewe. Fanya Kisoro au Kabale. Sempaya hakuna wa kukusajilia.

## Hatua ya 7: Asubuhi ya kwanza msituni

Kule jua huchomoza karibu saa moja kwa saa ya Uganda. Muwe kwenye njia nusu saa kabla, tochi zikiwa zimeelekezwa chini.

Ingiza suruali ndani ya soksi, soksi ndani ya bote. Hii si mapambo. Siafu hupita kwa msafara wa upana wa mkono, mweusi, unaong'aa kama mafuta yaliyomwagika, na ukiukanyaga utajua baada ya sekunde kumi, wakiwa wameshafika gotini. Likikupata hilo, usisimame kuwatoa pale pale. Kimbia hatua 15 mbele, nje ya msafara, ndipo uanze kuwang'oa mmoja mmoja. Kichwa hubaki kimeng'ata. Ndiyo maana una kibano.

Tembea namna hii: hatua 20, simama, hesabu polepole mpaka 60, sikiliza. Watu wanne wanaoongea watatembea kilomita 6 na kuona vipepeo. Watu wanne walionyamaza watatembea kilomita 2 na kuona msitu. Mwongozaji mzuri atasimama mara nyingi kuliko unavyopenda. Usimsukume.

Masikio yanatangulia macho. Majani yanayotikisika juu bila upepo ni kima. Sauti ya kitu kama upepo unaokatwa, fu, fu, fu, ni mabawa ya hondohondo mkubwa akipita juu ya miti. Tunda linaloanguka, kisha lingine, kisha lingine: kuna anayekula juu yako. Simama hapo.

Na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: tafuteni mkuyu wenye matunda, kaeni chini yake saa nzima. Mwulize mwongozaji jana yake ni mti gani unaozaa sasa. Mti mmoja wa namna hiyo hukuletea mbega, mangabi, hondohondo, shorobo na kasuku bila wewe kusogea. Wageni hawapendi kukaa, wanaona kama hawapati thamani ya pesa. Kaa.

Matumizi ya jumeli yajifunze nyumbani kabla ya kuondoka. Nenda kando ya ziwa, mtazame mdiria wa rangi mbili akielea juu ya maji, au mwewe juu ya mtaa wa Birere. Kanuni: macho yasimwache mnyama, jumeli zipande kuja kwenye macho, si macho kushuka kutafuta jumeli. Ukiweza kumshika mwewe anayeruka ndani ya sekunde 3, uko tayari.

Tahadhari. Kaa nyuma ya askari, kila wakati. Mkikuta kinyesi cha tembo chenye mvuke au kusikia tawi kubwa likivunjika, acheni maongezi na fanyeni anavyosema. Asipowaambia kimbieni, msikimbie. Kwenye kima na sokwe usikaribie chini ya mita 10, na kama una mafua vaa barakoa au baki kambini. Homa yako ndogo inaweza kuwaua.

Ifikapo saa nne na nusu msitu unanyamaza. Hapo ndipo uende kwenye chemchemi za moto za Sempaya, kwa sababu zenyewe hazina saa. Ile wanayoiita ya kike inarusha maji yanayochemka kufikia mita 2 hivi. Ile ya kiume ni bwawa pana ndani zaidi, unalifikia kwa kupita kinamasi juu ya mbao. Beba mayai mabichi: yanaiva kwa dakika kama 10, na hicho ndicho chakula cha asubuhi chenye sifa zaidi wilaya nzima. Baki kwenye njia. Ukoko wa pembeni unaonekana mgumu na si mgumu, chini yake maji yanachemka.

Rudi kambini, kula, lala. Toka tena saa kumi mpaka giza linapoingia.

Asubuhi hiyo ya kwanza ikikupa aina 3 za kima ulizoziona uso kwa jumeli, na ndege 15 ambao mwongozaji amekutajia majina ukayaandika, umefanya vizuri sana. Kama ni aina moja na mvua, ni kawaida. Ndiyo maana nilisema asubuhi 3.

## Hatua ya 8: Njia ya Kirumia, kwa wenye miguu

Njia hii inaanzia barabarani na kukatiza msitu kama kilomita 15 mpaka ukingo wa mto Semliki. Ndiyo njia ya ndege adimu, ya madimbwi yaliyoachwa na mto, na ya ukimya. Kwenda na kurudi kwa siku moja ni adhabu. Ifanye kwa kulala usiku 1 au 2 kwenye kambi za ndani.

Masharti yangu ni haya. Usiiingie siku ya kwanza. Usiiingie kama mvua kubwa imenyesha mfululizo. Ajiri wabebaji wa kijijini, kwa makubaliano ya bei na uzito kabla ya kuondoka, mbele ya askari. Maji ya kunywa yachemshwe yote. Mtoni usishuke kunawa hata miguu: kuna mamba, na viboko hutoka jioni kwa njia zao zile zile, hema lisiwe juu ya njia hizo. Mwongozaji anazijua, ila wewe pia zitazame, ni mifereji iliyolainika kwenye nyasi, upana wa mlango.

Wenye asubuhi 3 tu waiache. Wafanye badala yake ile njia ya Sempaya kuelekea mtoni, kama kilomita 11, ambayo ndiyo nafasi nzuri ya kima wa De Brazza.

## Hatua ya 9: Kurudi

Kabla ya kuondoka, osha bote kwa sabuni na brashi, toa matope yote ya kwenye nyayo, maana mbegu na vijidudu husafiri humo, hasa kama unaelekea Kibale kesho yake. Kagua mwili kwa kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani.

Mwongozaji mlipe bakshishi mkononi mwake, si kwa wakala. Kama amekuonyesha vile vitatu vya kwenye karatasi, mwambie akuandikie namba yake, kwa sababu mwaka ujao ndugu zako watamhitaji.

Usivushe chochote cha mnyama: ngozi, jino, manyoya ya kasuku, hata uliyoyaokota. Mpakani hawaulizi uliyapata wapi.

Dawa ya malaria imalize, siku zote ulizoandikiwa, hata ukijisikia mzima. Na ukipata homa wakati wowote ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ulikuwa Bundibugyo, msituni.